Kuondoa hatia ya zamani ya kuendesha umelewa: nilivyofanya mimi California

Wiki mbili zilizopita kijana wa kwetu Moshi anayeishi Stockton alinipigia simu saa tano usiku. Alikuwa amepewa kazi ya ghalani, hata sare ameshapimiwa, halafu wakamwita ofisini wakamwonyesha karatasi yenye hatia yake ya mwaka 2020, ya kuendesha gari akiwa amelewa. "Kaka, mimi nilijua ile imeshakwisha. Faini nililipa yote, darasa nilimaliza." Nilimwacha aseme mpaka akatulia. Kisha nikamwambia ambacho mimi sikuambiwa na mtu wakati wangu: kumaliza adhabu ni jambo moja, kuiomba mahakama ikuondolee hatia ni jambo jingine, na hilo la pili lina fomu yake na barua yake.

Kabla ya fomu, nilimwagiza kazi ya kesho yake asubuhi. Tangu Januari 2018 California ina sheria inayombana mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi. Haruhusiwi kukuuliza habari za hatia kabla hajakuahidi kazi, na akitaka kuiondoa ahadi hiyo kwa sababu ya rekodi yako, lazima akuandikie barua na akupe angalau siku tano za kazi umjibu. Kijana alikuwa ameambiwa kwa mdomo tu. Nikamwambia: omba barua, jibu kwa maandishi, waambie unaanza kushughulikia ombi mahakamani. Siku tano si nyingi, lakini zinatosha mtu asikate tamaa.

Sasa nieleze yangu, maana sipendi kumshauri mtu jambo ambalo sijalipitia.

Novemba 2013 nilitoka kwenye send-off ya binti wa rafiki yangu, Hayward. Nilikuwa nimekunywa bia tatu na wiski mbili, nikalala kwenye kiti saa nzima, nikaamini pombe imetoka. Nilisimamishwa barabara ya 880. Kipimo cha pumzi kilisoma 0.11, na kikomo cha sheria ni 0.08. Machi 2014 nilikiri kosa chini ya kifungu cha 23152(b) cha sheria za magari za California, nikapewa probesheni ya miaka mitatu, yaani muda wa kuangaliwa na mahakama badala ya kufungwa, darasa la miezi mitatu kuhusu pombe na uendeshaji, na leseni ikafungiwa. Faini ya msingi iliandikwa dola 390, lakini kwa nyongeza za mahakama na za kaunti nilitoa karibu 2,000. Hakuna mtu aliyeumia. Namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo, na wewe pia jiulize hilo kwanza, kwa sababu jaji akifungua jalada lako hilo ndilo atakalolitafuta mwanzo.

Kinachoondoka na kinachobaki

Watu wetu husema "kufuta". Neno hilo limewaingiza wengi kwenye matatizo. Kifungu kinachotumika ni 1203.4 cha sheria ya jinai ya California, na kinachofanyika ni hiki: jaji anakuruhusu uondoe lile jibu lako la "nakiri", linaandikwa "sikiri", kisha shauri linatupwa. Karatasi hazichomwi. Anayefungua jalada la mahakama bado ataona ulikamatwa na ulihukumiwa, ila mwisho wake sasa unasomeka kwamba shauri limetupiliwa mbali.

Kwa mtafuta kazi mabadiliko hayo ni makubwa. Mwajiri wa kawaida California haruhusiwi kukuuliza juu ya hatia iliyoondolewa namna hiyo, wala kuitumia kukunyima kazi. Fomu yake ikikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani, kwa hatia hiyo unajibu hapana, na hujasema uongo.

Lakini fomu ya leseni ya taaluma kutoka serikalini ikikuuliza moja kwa moja, unapaswa kuitaja. Ukigombea nafasi ya umma, unaitaja pia. Idara ya magari, DMV, haiondoi kitu: hatia inakaa kwenye rekodi ya udereva miaka 10, na ukikamatwa tena ndani ya miaka hiyo 10, ile ya zamani inahesabiwa kana kwamba hukuwahi kuomba lolote. Bima nayo vilevile, punguzo la dereva mwema hulipati mpaka miaka 10 iishe. Wenzangu wa malori wasidanganywe. Leseni ya kuendesha magari ya biashara hufungiwa mwaka mmoja kwa kosa la kwanza na maisha kwa la pili, kwa sheria ya nchi nzima, na karatasi ya mahakama ya kaunti haiyabadilishi hayo.

La uhamiaji nitalieleza peke yake huko chini, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi nikiwasikia watu wakishauriana.

Anza kwa kujijua

Nani anaweza kuomba? Aliyemaliza probesheni, au aliyefupishiwa na mahakama, na ambaye kwa sasa hana kesi nyingine, hayuko kwenye probesheni nyingine na hatumikii kifungo. Kama hukuwahi kupewa probesheni, kuna kifungu jirani, 1203.4a, unachoweza kutumia mwaka mmoja baada ya hukumu. Kama bado uko ndani ya probesheni, unaweza kuomba imalizwe mapema, lakini kwa kosa hili majaji wengi hupenda kuona mtu amekwenda nayo hadi mwisho.

Usijaze kitu kabla hujapata rekodi yako mwenyewe. Tangu 2022 California ina mfumo wa kuondoa baadhi ya hatia bila mtu kuomba, kwa hiyo angalia kwanza yako imeandikwaje. Unakwenda kwenye kituo cha alama za vidole, unalipa dola 25 za idara ya sheria ya jimbo pamoja na ada ya kituo chenyewe, na rekodi inakuja kwa posta. Kama kipato chako ni kidogo unaweza kuomba usamehewe hizo 25. Halafu nenda dirishani kwa karani wa mahakama uliyohukumiwa, uombe nakala ya mwenendo wa kesi yako.

Hapa ndipo mimi nilipoteza wiki sita. Niliandika ombi kwa kukumbuka. Nilikumbuka 23152(a), kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye karatasi ya polisi. Kosa hili California mara nyingi hushtakiwa kwa herufi mbili: (a) ni kuendesha ukiwa chini ya nguvu ya pombe, (b) ni kuendesha ukiwa na kiwango cha 0.08 au zaidi. Mimi nilikiri (b), na (a) ikaondolewa siku hiyohiyo. Ombi langu likarudi na kipande cha karatasi ya njano kilichobanwa kwa pini: kifungu hakilingani na jalada. Herufi moja. Kwa hiyo weka nakala ya mwenendo wa kesi kushoto, fomu kulia, na unakili kwa kalamu huku kidole kiko juu ya mstari. Angalia pia kama ulikiri kosa lililopunguzwa, 23103 pamoja na 23103.5, ambalo ni uendeshaji wa hovyo wenye pombe ndani yake. Wapo wanaoamini walihukumiwa kwa ulevi kumbe jalada linasema uendeshaji wa hovyo.

Fomu

Ombi lenyewe ni fomu CR-180. Pamoja nayo unaandaa CR-181, ambayo ni amri atakayosaini jaji. Juu unajaza jina lako na namba ya kesi, usijaze uamuzi. Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya mahakama za California. Kwenye CR-180 kuna jedwali: jina la sheria, namba ya kifungu, aina ya kosa. La kwanza lisilo na majeruhi kwa kawaida ni kosa dogo, yaani misdimina. Chini ya jedwali kuna visanduku, unaweka alama kwenye kile cha probesheni iliyokamilika.

Ukiambiwa kuna ada na huna uwezo, uliza dirishani jinsi ya kuomba usamehewe. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili siku ya kusikilizwa. Ni haki yako na hulipi. Kila mahakama kuu ya kaunti ina dawati la kujisaidia ambako wanakukagulia fomu, na ofisi nyingi za mawakili wa umma wana siku za kuwasaidia watu wenye hatia za zamani. Mimi kabla ya kulijua hilo nilikwenda kwenye ofisi moja binafsi, wakaniambia 1,500 na kwamba "hata uhamiaji hawataiona." Niliondoka kwa sababu sikuwa na 1,500. Baadaye nilipoelewa sheria nilishukuru umaskini wangu wa siku ile.

Barua kwa jaji

Kwa makosa mengi madogo, ukishatimiza masharti yote ya probesheni, jaji hana budi kukubali. Kwa kuendesha umelewa sivyo. Kosa hili liko kwenye orodha ya makosa ya barabarani ambayo kifungu cha 1203.4 kinamwachia jaji aamue mwenyewe kama haki inataka ombi likubaliwe. Anaweza kusema hapana hata kama ulilipa hadi senti ya mwisho. Ndiyo maana naona ajabu watu wanaotumia wiki nzima kwenye visanduku na dakika kumi kwenye maelezo yao.

Maelezo hayo unaweza kuyaandika kwenye fomu MC-031, ambayo ni tamko unaloambatanisha, na unayasaini chini ya kiapo. Langu la kwanza lilikuwa kurasa tatu. Nilimpa mama mmoja Mkongo wa kwaya yetu alisome, mtu wa Bukavu, mtu mzima aliyefundisha shule miaka mingi. Alisoma polepole, akavua miwani. "Mwanangu, humu umeomba msamaha mara saba. Sijaona hata mahali pamoja umesema umefanya nini." Akanirudishia.

Nikaandika upya, ukurasa mmoja na robo. Nilianza na usiku wenyewe kama ulivyokuwa, bila kuupunguza: nilikunywa nini, nililala kwa muda gani, kipimo kilisoma ngapi. Sikuandika kwamba polisi walikuwa wakali wala kwamba barabara ilikuwa tupu. Kisha nikaandika tarehe: siku niliyomaliza darasa, siku niliyolipa awamu ya mwisho ya faini, siku leseni iliporudi. Nikaeleza kwamba tangu Novemba 2013 sijaendesha baada ya hata bia moja, na kwamba kwenye sherehe zetu mimi ndiye ninayeshika funguo za wengine. Nikataja kazi niliyokuwa naitafuta, ya kusafisha na kutakasa vifaa vya upasuaji hospitalini, na jinsi hatia ilivyonikwamisha mara mbili. Jaji anahitaji kujua akikubali utafanya nini nayo. "Nataka rekodi safi" haimwambii kitu. "Nimefaulu mtihani wa fundi wa vifaa vya upasuaji na nina ahadi ya kazi ya zamu ya usiku" inamwambia.

Nyuma yake niliambatanisha cheti cha darasa, stakabadhi ya faini, na barua mbili. Moja ilitoka kwa msimamizi wangu wa kazi, nyingine kwa mchungaji. Wanaokuandikia lazima wajue kosa lako na walitaje ndani ya barua. Barua inayokusifu bila kugusa kosa inaonyesha kwamba umemficha aliyeiandika.

Kupeleka na kusikilizwa

Unapeleka asili na nakala mbili, karani anagonga muhuri na kukurudishia moja. Mwendesha mashtaka lazima apate taarifa siku 15 kabla ya jaji kuamua. Kaunti nyingine karani ndiye anayempelekea, nyingine unapeleka wewe kupitia mtu mwingine mzima, naye anajaza uthibitisho kwamba amefikisha. Uliza dirishani siku hiyohiyo, usirudi nyumbani bila jibu.

Yangu ilipangiwa saa mbili na nusu asubuhi, Septemba 2018. Nilivaa shati nililovaa siku ya ubatizo wa mwanangu. Chumba kilijaa kesi za leseni na mikanda. Nilipoitwa, mwendesha mashtaka alisema hana pingamizi. Jaji aliinua karatasi yangu, akaniuliza swali moja tu: "Ukienda kwenye sherehe siku hizi, unarudije nyumbani?" Nikamjibu, naendesha mimi, kwa sababu mimi ndiye sinywi. Akasaini. Haikufika dakika nne. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikampigia mke wangu, na kwa muda sauti haikutoka.

Jaji akikataa, ombi halijafa. Muulize kwa heshima ni nini kinachokosekana, kitimize, kisha omba tena.

Siku hiyohiyo nunua nakala tatu za CR-181 zenye muhuri wa uthibitisho. Moja ni ya kuweka, moja ya mwajiri, moja ya uhamiaji. Baada ya miezi michache chukua tena alama za vidole uone kama jimbo limesasisha. Kampuni za kuchunguza waombaji kazi nyingine hukaa na taarifa za zamani. Ikitokea, waandikie pamoja na nakala ya amri. Sheria ya nchi inawapa siku 30 kuchunguza na kusahihisha.

Kwa sisi ambao si raia

Hapa naomba usome taratibu. Tangu uamuzi wa shauri la Roldan mwaka 1999, uhamiaji wa Marekani hauhesabu kwamba hatia imeondoka eti kwa sababu jimbo limeitupa baada ya mtu kumaliza adhabu yake. Kwao bado ulitiwa hatiani. Kwa hiyo fomu N-400 ya uraia ikikuuliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, jibu ni ndiyo, hata ukiwa na CR-181 mkononi. Lile "hapana" la kwa mwajiri halihamii huku. Alama zako za vidole walishazichukua, na ofisa anayekuhoji ana karatasi mbele yake. Nimeona familia ikihangaika miaka miwili kwa sababu baba alishauriwa ajibu hapana. Kosa lenyewe, la mara moja na bila majeruhi, lingesamehewa. Uongo kwenye fomu ndio uliomfunga.

Wanaangalia hasa tabia njema ndani ya miaka mitano kabla ya ombi, au mitatu kwa anayeomba kupitia mwenzi raia. Oktoba 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua, katika shauri la Castillo-Perez, kwamba hatia mbili au zaidi za namna hii ndani ya kipindi kinachoangaliwa zinamfanya mtu adhaniwe hana tabia njema mpaka athibitishe vingine. Mwenye mbili asipeleke chochote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Simaanishi yule wa kujaza fomu dukani.

Mimi niliomba 2020. Nilijibu ndiyo, nikaandika tarehe na kifungu chenye herufi sahihi, nikaambatanisha mwenendo wa kesi, cheti cha darasa na CR-181. Ofisa aliuliza maswali manne juu ya usiku ule. Nilimjibu kwa maneno yaleyale ya barua ya jaji, kwa sababu yalikuwa kweli na nilikuwa nayajua.

Walio majimbo mengine wasitumie hatua hizi. Ndugu zangu wa Columbus, Ohio hawaondoi hatia ya namna hii, sheria yao inaikataa. Wa Dallas na Houston, tangu 2017 Texas ina njia ya kuificha hatia ya kwanza kwa masharti, mojawapo likiwa kipimo chini ya 0.15. Anza na mahakama ya mahali ulipohukumiwa, hata kama sasa unaishi kwingine.

Kijana wa Stockton anakuja kwangu Jumamosi. Mwajiri amempa barua, na jibu lake limeshapelekwa. Nimemwambia alete kila karatasi aliyo nayo, hata yenye madoa ya chai, na daftari jipya. Fomu tutazijaza Jumapili. Jumamosi yote ni ya barua.